Paa Nililolisifu Kutoka Chini

Nakumbuka siku moja nilisimama juu ya kitanda cha mama mkwe wangu, viatu miguuni, mikono yote miwili juu, nikizuia dari isianguke. Katikati ya miguu yangu alilala baba mkwe, ambaye hakuweza kujisogeza hata kidogo. Nje, mvua ilikuwa inapiga kutoka ziwani. Mwanangu, kama umeoa sehemu zetu hizi, najua umeshashika kichwa. Kama bado, ngoja nikueleze nilivyofika pale, maana mtu mwenye akili timamu hafiki pale kwa hatua moja. Mimi nilifika kwa hatua ndogo ndogo, kila moja ikiwa imejaa heshima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nafundisha shule ya sekondari upande wa Suna, pale Migori. Shahada yangu ilikuwa ya historia, na katika miaka yote ile sikumsikia mhadhiri hata mmoja akitaja bati. Lakini siku hizo mtu aliyetoka chuo kikuu alidhaniwa kujua kila kitu. Aliletewa barua za serikali azifafanue, redio zilizokufa azifufue, na kesi za mipaka ya mashamba atoe maoni. Ningeweza kukataa. Badala yake nilinunua miwani, ingawa daktari aliniambia wazi kwamba macho yangu hayakuwa na shida yoyote.

Mke wangu, Adhiambo, anatoka Homa Bay. Nyumba ya wazazi wake iko kwenye mteremko chini ya kilima cha Asego, inatazama ghuba. Baba yake alikuwa msimamizi wa mafundi wa majengo maisha yake yote, mpaka kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yake yakawa yanatoka moja moja, na kati ya neno na neno ungeweza kufunga kamba za viatu. Wageni walizoea kumsaidia kumaliza sentensi. Sote tulidhani huo ni wema.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu, na hakutaka mtu aliyeishi juu ya kuta za watu afe akitazama ukuta. Akaamuru ukuta wa chumba chao cha kulala uvunjwe, dirisha lisukumwe nje, lenye pande tatu, kama alivyoliona kwenye nyumba ya wamishonari alikofanya kazi akiwa msichana. Kitanda kikaingizwa humo humo ndani ya dirisha. Kutoka pale Baba angeona maji, mitumbwi, na kina mama wakipanda na kushuka na beseni za samaki. Majirani waliliita dirisha la tumbo, kwa sababu nyumba ilionekana kama ina mimba ya miezi saba. Juu ya hilo tumbo kulihitajika paa dogo la peke yake, na kazi hiyo alipewa Odongo, fundi wa kutoka Uriri. Aliyempendekeza ni mimi. Nilikuwa nimemwona akijenga jiko la jirani na nikapenda jinsi alivyokuwa akipiga mluzi.

Kazi ilipokwisha, mama mkwe alituma ujumbe Migori: Orwa aje aone kabla fundi hajaondoa ngazi. Orwa ndivyo wanavyoniita kule, maana yake mkwe wetu. Na Odongo alikuwa na haja kubwa na neno langu, kwa sababu mwalimu mkuu wetu alitaka fundi wa paa la ofisi za walimu, na alikuwa ananisubiri mimi nimwambie huyo mtu anafaa au hafai.

Sasa sikiliza vizuri hapa, mwanangu, maana kosa lote limelala hapa. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Haangalii kitanda chake. Kupanda juu ya paa lililo juu ya kitanda hicho ni jambo ambalo hata kulisema unashusha sauti. Hata kumsalimu Baba, tangu augue, nilikuwa namsalimu nikiwa sebuleni, yeye akiwa nyuma ya pazia. Kwa hiyo mtu aliyeitwa kukagua paa la dirisha lile hangeweza kulitazama kutoka juu, wala kulitazama kutoka ndani. Alibaki na uwanja, bustani ya maboga, na miwani yake.

"Mwalimu, ngazi ndiyo hiyo," Odongo akaniambia. Alikuwa anajua. "Panda ujionee."

"Unataka nifukuzwe?"

"Basi angalia ukiwa hapo hapo. Macho ya msomi si yanafika mbali?"

Paa lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, linang'aa kama tunda. Nikalitazama kwa muda ambao niliona unatosha kuheshimiwa. Nikainamisha kichwa upande mmoja. Nikarudi nyuma hatua tatu, kama nilivyoona wapiga picha wakifanya. Kisha nikasema mteremko ni mzuri, neno ambalo nilikuwa nimelisikia asubuhi ile ile kutoka kwa Odongo mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa amesimama barazani, leso kiunoni, mikono nyuma. "Umeona kila mahali, Orwa?"

Swali lilikuwa hilo tu. Ningeweza kumjibu: Mama, unajua siwezi kupanda, na chumbani siwezi kuingia, tumtafute mtu mwingine. Angemwita jirani, na jambo lingekwisha kabla chai haijachemka. Lakini Odongo alikuwa ananitazama, na wapita njia wawili walikuwa wamesimama kwenye ua kumwona msomi akikagua.

"Nimeona kila mahali, Mama. Kazi ni safi."

Tuliingia sebuleni kunywa chai. Kikombe kilikuwa mkononi nilipoisikia sauti nyuma ya pazia.

"Orwa."

"Naam, Baba."

Kimya. Nikasikia pumzi. "Huku... juu..."

Kimya tena. Chai ilikuwa inapoa, na nilikuwa na usemi tayari mdomoni. "Huku juu kuko salama, Baba," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi, nimekagua mwenyewe."

Nikamsikia akishusha pumzi ndefu. Nikadhani ni ya kushukuru. Odongo akafunga ngazi yake kwenye baiskeli akaondoka, na mimi nikarudi Migori nikijihisi nimefanya kazi ya kiume.

Wiki tatu zilipita bila mvua. Jumamosi moja nikaenda shuleni kumtazama Odongo akifanya paa la ofisi zetu. Pale sikuwa na mama mkwe, kwa hiyo nikapanda, zaidi kwa majivuno kuliko kwa kitu kingine. Paa la baraza lilikuwa linakutana na ukuta mrefu wa ofisi, kama lile dogo la Homa Bay linavyokutana na ukuta wa nyumba. Pale kwenye kukutana, Odongo alikuwa amepaka simiti nyembamba, na juu yake lami. Jua la siku mbili lilikuwa limeshaipasua. Nikaingiza ukucha. Ukaingia. Nikaingiza kidole. Kikaingia mpaka kwenye kifundo.

"Odongo, ufa huu ni wa nini?"

"Huo si ufa, Mwalimu. Inapumua tu. Nitaongeza lami."

"Na kule kwa wakwe zangu ulifanya namna gani?"

"Hivi hivi." Akaendelea kupima bati. "Na wewe ukasimama pale chini ukasema ni safi. Sasa mimi ni nani nibishane na mtu wa digrii?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa amechukua neno langu akalifanya kipimo. Nikiwa bado juu ya ngazi nikatazama upande wa kaskazini. Mbingu ya huko ilikuwa imeziba. Wachuuzi waliofika sokoni asubuhi kutoka Rongo walikuwa na nguo zilizolowa, nami nilikuwa nimewaona na kuwapita.

Sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka malori ya miwa pale Awendo, yalivyojaza barabara na kwenda polepole kana kwamba yamebeba mayai, na mimi nyuma ya pikapu ya mtu nisiyemjua nikitazama mawingu yakitutangulia. Nilikuwa naona kitu kimoja tu akilini: uso wa mtu mzima umeelekezwa juu, na shingo isiyoweza kugeuka.

Nilifika kabla ya saa tisa na nusu. Ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya risasi, na upepo ulikuwa umeanza kupindua majani ya migomba. Mama mkwe alikuwa anaanua nguo.

"Mama, Baba atolewe pale dirishani."

"Kwa nini?"

"Paa litavuja."

"Paa lipi?" Akasimama na shati mkononi. "Hili uliloliona kila mahali?"

Hakurudia swali. Alitazama ziwa, akatazama nyumba. "Kile kitanda kiliingizwa na wanaume wanne," akasema. "Mimi peke yangu siwezi. Ngoja niite watu." Akatupa nguo barazani, akakaza leso, akateremka mbio kuelekea kwa majirani, na umri wake ule. Mvua ilimkuta kabla hajafika kwenye lango.

Mvua ya kutoka ziwani hainyeshi kutoka juu. Inakuja kwa ubavu, na siku ile ilikuwa inapiga ukuta ule ule, juu ya dirisha lile lile. Nilisimama sebuleni mbele ya pazia. Nikasikia tone likidondoka juu ya bodi ya dari. La pili. Yakawa mengi, kama vidole vinavyopiga meza. Kisha sauti ikakoma, na huo ukimya ulinitisha kuliko matone, kwa sababu mvua ilikuwa haijakoma. Maji yalikuwa yanadondokea maji.

"Orwa."

"Naam, Baba."

"Ingia."

Mwanangu, ningependa kukuambia kwamba niliingia papo hapo. Nilisimama. Nilihesabu pete za pazia. Zilikuwa kumi na moja. Nilitazama mlangoni kama Mama anarudi. Niliwaza wazee wa boma watasema nini, na Homa Bay yote itacheka kwa miaka mingapi. Ndani mle alikuwa amelala mtu asiyeweza kugeuza uso, na mimi nilikuwa napima jina langu. Kisha nikasikia msumari ukichomoka kwenye mbao, sauti ndogo kama ya mtu anayeliza vidole vyake, nikainua pazia.

Bodi ya dari ilikuwa imevimba kama tumbo la ng'ombe, imekuwa ya kahawia, na upande mmoja ulikuwa umeshaachia. Chini yake alilala Baba, macho wazi. Mkono wa kushoto ndio pekee ulioinuka, vidole vimetanuliwa, kana kwamba angeweza kuudaka ule mzigo. Nikavuta kitanda. Kilikuwa kimebanwa na kuta tatu za dirisha na hakikucheza. Nikataka kumvuta yeye kwa makwapa, lakini kila nilipokigusa kitanda bodi ilitikisika na msumari mwingine ulilia. Basi nikapanda. Nikaweka mguu mmoja huku na mwingine huku, nikainua viganja, nikaubeba ule mzigo.

Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile. Maji baridi yalishuka ndani ya mikono ya shati mpaka kwapani. Miwani ikateleza, ikaanguka juu ya blanketi la Baba, na hapo nikagundua kwamba bila miwani nilikuwa naona vizuri kabisa.

Ndipo akaanza kusema. Sikuwa na chai ya kuwahi, wala mahali pa kwenda, wala pumzi ya kummalizia.

"Siku... nne," akasema. Mvua ikapiga. "Odongo... alikuwa... hapo juu."

Nikangoja.

"Nilisikia... nyundo." Niliona koo lake likihangaika kutafuta neno linalofuata, na kwa mara ya kwanza tangu augue sikujaribu kumtafutia. "Sikusikia... patasi."

"Patasi ya nini, Baba?"

Nadhani hilo lilikuwa swali la kwanza la kweli nililowahi kumuuliza mtu tangu nivae joho la kuhitimu. Na yeye akanijibu, kwa muda ambao padri angeweza kusoma somo zima. Paa dogo likikutana na ukuta mkubwa, bati bapa hukunjwa, ukingo wake ukaingizwa ndani ya ukuta wenyewe. Ili uingie, ukuta lazima uchongwe mfereji mwembamba, kwa patasi, tofali kwa tofali. Ndipo simiti ifunge. Fundi akipaka simiti kwa nje tu, kutoka chini kazi zote mbili zinafanana. Lakini anayelala chini ya ukuta unaochongwa anasikia patasi mpaka kwenye meno. Yeye alilala pale siku nne na meno yake hayakusikia kitu. Alijua tangu siku ya kwanza, na kila alipoanza kumwambia mtu, mtu huyo alimwekea mto vizuri na kumwambia apumzike.

"Nikangoja... wewe," akasema. "Ukaja." Akavuta pumzi. "Nikaanza."

Mvua ilikuwa inapungua. Nilidhani amechoka.

"Ukanimalizia."

Mama mkwe alirudi na majirani wanne, wote wamelowa. Waliingia sebuleni mbio, na kwenye pazia wakasimama ghafla kama waliogonga ukuta. Mama akaniona nilivyosimama, juu ya kitanda chake, katikati ya shuka zake. Akajifunika uso kwa leso. Kisha sauti yake ikatoka chini ya leso, ya chini na ya uchovu.

"Orwa, hata viatu hukuvua."

Jirani mmoja alikohoa sana. Wakamwinua Baba kwa blanketi lake, wakampitisha kati ya miguu yangu wakamtoa, na yeye akiwa anapita alinigusa kifundo cha mguu kwa ule mkono wa kushoto. Walipofika sebuleni nikaruka. Bodi ikaanguka nyuma yangu na maji yake yote, na juu ya mto uliobaki pale kitandani kikatua kipande cha simiti ya Odongo, kikubwa kama ngumi, katika shimo ambalo kichwa cha Baba kilikuwa kimeliacha.

Nilikaa sebuleni nikichuruzika. Chai haikuletwa, na kwetu hiyo ni hukumu inayoeleweka. Nikasema nikitazama sakafu: "Mama, siku ile sikuona. Niliona haya kusema."

"Nilijua hujaona," akasema. "Ungeonaje? Nilikuuliza ili useme mwenyewe. Na sikukuuliza mara ya pili kwa sababu mkwe hahojiwi mara mbili."

Wazee wa boma walikaa, wakaamua kwamba mama mkwe hawezi kulala tena juu ya kitanda nilichokikanyaga, nikaleta kingine. Mpaka leo, nikifika kwenye mkutano wa ukoo ule, kuna mzee mmoja huniuliza kwa upole kama nimevua viatu.

Odongo tulimwita. Nilimwambia mbele ya wote kwamba paa lile lilipitishwa na mimi, nikiwa sijaliona. Alikuja na uso mkavu akitarajia matusi, akakuta mtu anajitukana mwenyewe, na nadhani hilo lilimtisha zaidi. Akakiri kwamba hakuwahi kufundishwa kuchonga ukuta. Aliyemfundisha kazi naye alikuwa akipaka lami. Baba akarudishwa dirishani kwa ombi lake mwenyewe, na patasi ikaanza. Mimi nilikaa upande wangu wa pazia, nikimsikiliza Odongo akichonga na kumsikiliza Baba akisikiliza. Odongo aliposimama, Mama, aliyekaa kando ya kitanda, akasema mkono wa Baba umeinuka, bado. Akachonga tena, akasimama. Bado. Mara ya tatu mkono ulishuka juu ya blanketi. Ndipo Baba akaagiza maji, mitungi sita, imwagwe pale juu kwenye ukuta, polepole. Mimi nilipewa kazi ya kuibeba kutoka kisimani mpaka chini ya ngazi, kazi iliyolingana vizuri na shahada yangu. Dari mpya ilibaki kavu. Chai ikaletwa.

Baba aliishi miaka mingine chini ya paa lile, akitazama mitumbwi. Na nilijifunza kumtembelea nikiwa na nafasi ya mchana mzima, kwa sababu hadithi zake zilihitaji mchana mzima, na zilistahili.

Basi, mwanangu, siku moja nawe utaitwa uangalie kazi ya mtu. Litakuwa paa, au daftari, au mtu anayetaka kuoa nyumbani kwenu. Usitazame pale katikati panapong'aa. Tazama mahali ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine, maana huko ndiko fundi huchoka. Panda. Kama heshima au woga au goti linakuzuia kupanda, useme, kwa sauti, ukiwa bado uwanjani na jua likiwa bado linawaka. Kusema hujaona kunakugharimu aibu ya dakika moja. Mimi nilikwepa dakika hiyo, na nikamwekea mtu jiwe juu ya kichwa kwa wiki tatu. Omba maji yamwagwe ukiwapo. Na kabla ya hayo yote mtafute atakayelala chini ya kazi hiyo, umuulize yeye, halafu ungoje. Akikwama, ngoja. Chai ikipoa, iache ipoe. Usimmalizie.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema sijui, na sikio lenye subira ya kufika mwisho wa neno la mwenzako. Kila utakalolipitisha, wanaolala chini yake waamke wakavu. Na ukifika kwa wakwe zako, mwanangu, ufike kwa amani, na uondoke hakuna mtu anayekumbuka viatu vyako.